Kesha la Mwaka Mpya Kando ya Ziwa: Usiku wa Kuombana Radhi

KILA mwezi wa Desemba unapokaribia ukingoni, stendi za mabasi za Mombasa hujaa watu wa bara. Utamwona mchukuzi wa Kilindini, mwalimu wa Likoni, bawabu wa Changamwe na mama auzaye samaki Kisauni, kila mmoja na mzigo wake na tikiti aliyoinunua kwa bei ya kuumiza. Ukiwauliza wanakokwenda, watakujibu: "Nyumbani." Na nyumbani huko ni Kisumu, au Siaya, au Homa Bay, au Busia.

Sisi tunaobaki husema kwamba wanakwenda kula Krismasi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Krismasi ni siku moja tu, na wengi wao hawarejei mpaka mwaka umegeuka. Upo usiku ambao Mkristo wa kando ya ziwa hapendi umkute ugenini, nao ni usiku wa tarehe 31 Desemba.

Msomaji wetu wa pwani atauliza: usiku huo una nini? Yeye mwaka wake wa dini huanza kwa mwezi mwandamo wa Muharram, na mwaka wake wa kilimo na bahari wazee waliuhesabu kwa Nairuzi. Tarehe 1 Januari kwake ni siku ya kubadilisha kalenda ukutani, basi. Hata hivyo watu hawa ni majirani zetu. Tunapanga nao nyumba moja, tunapanda nao matatu moja, watoto wetu wanakaa nao dawati moja. Si vibaya kujua jirani hukeshea nini.

NJIA YA BABU ZETU

Kwanza tukumbuke kwamba ziwa lile si geni kwa watu wa pwani. Katika Bunyala, kaunti ya Busia, karibu na pale mto Nzoia unapoingia ziwani, upo mji mdogo uitwao Port Victoria. Leo aendaye huko hukuta wavuvi, mashua, omena iliyoanikwa juani na mbuta wanaopimwa kwa mizani. Lakini kabla ya reli, palikuwa mahali mashuhuri katika njia ya misafara. Waliotoka pwani kwa miguu walipita kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, wakateremka mpaka ziwani.

Wajenzi wa reli walipotafuta mahali pa kuimalizia njia yao, waliiacha Port Victoria wakachagua Kisumu mwaka 1898. Reli yenyewe ilifika ziwani mwezi wa Desemba, 1901, nao wakapaita Port Florence, kwa jina la Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina hilo halikudumu. Kisumu ikabaki Kisumu.

Kwa njia hiyo ya misafara na reli, dini mbili zilifika ziwani karibu kwa wakati mmoja. Uislamu ulikaa Mumias mpaka leo. Ukristo ulijenga shule na makanisa, na mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana walifungua Maseno. Mara nyingine dini hizo zilikutana ndani ya mtu mmoja. Johana Owalo wa Asembo, mwanzilishi wa kanisa la Nomiya mwanzoni mwa karne ya 20, alipitia Ukatoliki na hata Uislamu kabla ya kuanzisha kanisa lake. Mpaka leo watu wa Nomiya hutahiri watoto wao wa kiume, jambo ambalo halikuwa desturi ya Waluo. Basi tusidhani kwamba ya ziwani ni ya mbali sana nasi.

USIKU WENYEWE

Kesha huanza aghalabu saa tatu za usiku. Wakatoliki huenda kwenye misa yao, Waanglikana kwenye sala yao, Wapentekoste kwenye mahubiri yenye vipaza sauti. Watu wa makanisa ya Roho hupita njiani na ngoma na bendera, wamevaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Watoto hulazwa kwenye mikeka pembeni. Wazee hujifunga mablanketi, kwani upepo wa ziwa usiku si wa kufanyiwa mzaha.

Kuna nyimbo, kuna maombi, kuna mahubiri. Lakini katika makanisa mengi kiini cha usiku ni ushuhuda. Mtu husimama mbele za wenzake akausimulia mwaka wake. Mmoja hueleza jinsi alivyougua akapona. Mwingine hueleza kwamba nyavu zake ziliibwa, au mashua yake ilipinduka, naye akaokolewa. Mjane humtaja mumewe aliyekuwapo kesha lililopita. Hapo kanisa zima hunyamaza, maana kila mtu humkumbuka na mahali alipokuwa akikaa.

Inapogonga saa sita, kengele hulia, vigelegele hupigwa, watu hukumbatiana na kupeana mikono. Ikisha hunywewa chai. Kukipambazuka, kuku na samaki huingia chunguni, na jamaa hutembeleana mpaka jioni.

Anayetazama kwa mbali ataona ni sherehe tu. Lakini kesha hilo lina kazi ambayo haionekani upesi. Ni hesabu ya watu. Katika mwaka mzima, mtu wa Mombasa au Nairobi hupotea machoni pa jamaa zake. Usiku huo hujulikana nani hakurudi, nani amerudi mikono mitupu, nani amefiwa, mtoto wa nani hana karo ya Januari. Mambo haya hayatangazwi yote kwa kipaza sauti. Husemwa kwenye kikombe cha chai, na mara nyingi kabla ya jua kuchomoza mchango umekwisha pangwa.

DESTURI ILIKOTOKA

Kukesha kwa namna hii hakukuzaliwa ziwani. Katika karne ya 18 Wamoravia wa Ujerumani na Wamethodisti wa Uingereza walikuwa wakikesha kwa sala, na desturi hiyo ikasafiri na wamisionari wao. Wamethodisti walifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862. Na mwaka huohuo, usiku wa tarehe 31 Desemba, kesha la namna hiyo lilipata maana kubwa kule Marekani. Watu weusi walikusanyika makanisani kungojea kupambazuke, kwani tarehe 1 Januari, 1863, Rais Abraham Lincoln alikuwa atie sahihi tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Tangu hapo kwao kesha la mwaka mpya si la kalenda tu. Ni la uhuru.

Lakini kesha la ziwani lina mzizi mwingine pia, tena wa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, Kampala, walikutana watu wawili: Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda. Walisoma na kuomba pamoja, mweupe na mweusi, katika siku ambazo wawili wa namna hiyo hawakuzoea kuketi meza moja. Mwishoni mwa Desemba, 1933, ulifanyika mkutano wa dini Gahini. Mwisho wa mkutano watu walianza kusimama, mmoja baada ya mwingine, wakaungama makosa yao wazi mbele ya wenzao.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Maseno na vijiji vya ziwani. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Wenyewe kwa wenyewe waliitana ndugu, na mikutano yao wakaiita ushirika.

KUUNGAMA NA KURUDISHA

Hapa ndipo penye jambo ambalo Mwislamu wa pwani atalielewa upesi kuliko alivyodhani.

Watu wa uamsho hawakuridhika na mtu kulia na kusema amekosa. Walimuuliza: umerudisha? Aliyeiba jembe alilirudisha jembe. Aliyemdhulumu jirani alikwenda kwa jirani. Wako waliokwenda hata ofisi za serikali kulipa kodi waliyokuwa wameikwepa, makarani wakabaki vinywa wazi.

Sasa tazama mafundisho yetu wenyewe. Masheikh wametufundisha tangu chuoni kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa limegusa haki ya mja mwenzio, lipo sharti la nne: umrudishie haki yake au akuwie radhi. Mungu husamehe haki yake, lakini haki ya mja iko mikononi mwa mja. Ndiyo maana Mwislamu aendaye Hija huzunguka mtaani kwanza, akiwaomba watu radhi mlango kwa mlango.

Tofauti zipo, wala hatuna haja ya kuzificha. Uislamu hautaki mtu aifichue aibu yake iliyositiriwa na Mungu. Watu wa uamsho waliona kusema hadharani ndiyo dawa. Hata Wakristo wenyewe walibishana juu ya jambo hilo, na wako walioona kwamba ushuhuda mwingine umegeuka kuwa majigambo. Lakini katika lile la kumwendea mwenye haki yake, tunasimama mahali pamoja.

Na hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo thamani ya ushirika wa Kikristo mwaka unapogeuka. Ngoma na kengele ni pambo. Lenye thamani ni kwamba upo usiku mmoja unaojulikana na wote, ambao mtu anaruhusiwa kumwendea aliyemkosea bila kuonekana mnyonge. Katika siku nyingine za mwaka, kuomba radhi kunahitaji ushujaa. Usiku huo kunahitaji kuvuka safu mbili za viti tu.

WATU WA UPENDO

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba ushirika huo ni asali tupu. Uamsho wenyewe uliwagawa watu wa ziwani. Kundi moja liliitwa Joremo, yaani watu wa damu, kwa sababu ya kuhubiri damu ya Yesu. Kundi la pili liliitwa Johera, watu wa upendo. Ugomvi ulikua mpaka, mwishoni mwa miaka ya 1950, Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka katika kanisa la Kianglikana wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika.

Mtu anaweza kucheka: watu wa upendo wameachana! Lakini tusicheke sana. Nani kati yetu hajaona msikiti mmoja ukizaa miwili kwa ugomvi wa maulidi au wa mwezi mwandamo? Ushirika hauwaondolei watu tabia zao. Huwapa mahali pa kuzileta, na hapo huweza kutokea suluhu au kutokea mtengano.

MWAKA ULIOGEUKA KWA MOTO

Lakini mtihani mkubwa kuliko huo ulikuja baadaye, tena uliangukia papohapo, kwenye usiku wenyewe wa kesha.

Tarehe 27 Desemba, 2007, Wakenya walipiga kura. Tarehe 30, siku ya Jumapili, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi, akaapishwa jioni ileile. Kisumu ililipuka. Maduka yalivunjwa na kutiwa moto, mengi yakiwa ya watu wa asili ya Kihindi. Majirani waliokuwa wametoka makabila mengine, hasa Wakikuyu, walikimbia wakiwa na nguo walizovaa. Polisi nao walifyatua risasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilionyesha baadaye kwamba wengi wa waliouawa katika mkoa wa Nyanza walikufa kwa risasi.

Mji ulikuwa chini ya amri ya kutotoka usiku. Basi mwaka huo, kwa watu wengi wa Kisumu, kesha lilikuwa la kulala chini, mbali na madirisha.

Na kulipokucha, tarehe 1 Januari, 2008, ikaja habari ya kutisha kupita zote. Huko Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomewa humohumo. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Nchi nzima, watu 1,133 walipoteza maisha kabla ya Kibaki na Raila Odinga kutia sahihi mkataba wa amani mbele ya Kofi Annan, tarehe 28 Februari.

Hapo lazima mtu aulize, na Wakristo wenyewe waliuliza: makesha yote yale yalifaa nini? Watu waliokumbatiana saa sita za usiku mwaka 2006, walikuwa wapi mwaka 2007?

Jibu halipendezi, lakini wenyewe walilitoa. Mwezi wa Februari, 2008, Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya lilikiri mbele ya nchi kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za siasa, na kwa hiyo walishindwa kusema kweli wakati ilipohitajika. Waliomba radhi.

Wako walioona maneno hayo yamechelewa, na yalikuwa yamechelewa. Lakini yatazame kwa jicho la watu wa Gahini. Dawa ileile iliyopewa mwizi wa jembe ilipewa mara hii viongozi wenyewe. Na ugonjwa nao uliwekwa wazi: ushirika uliokuwa umehesabu watu wake tu. Kanisa lilijua nani amefiwa safu ya tatu, lakini halikumhesabu mwenye duka ng'ambo ya barabara, asemaye lugha nyingine na asiyeimba nyimbo zile.

SIKU YA MWAKA KWETU

Sisi wa pwani tusilisikilize jambo hili kama habari ya watu wengine. Wazee wetu walikuwa na siku ya mwaka. Waliogea bahari alfajiri, wakazoa majivu ya mwaka wa zamani jikoni, wakapika, wakala kwa pamoja. Sehemu za Lamu na Mombasa walizungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja, na nyama ikawa sadaka. Makunduchi, Unguja, siku hiyo ingaliko mpaka leo katika mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa makuti ya mgomba ili hasira za mwaka ziishe hapohapo uwanjani, kibanda huchomwa moto, kisha wote huenda kula. Tena huko mtu asiye na mgeni siku hiyo huona amepungukiwa.

Masheikh wengi wamezikosoa baadhi ya mila hizi, nao wana haki ya kusema katika elimu yao. Lakini zingatia yale mawili: kuzimaliza hasira kabla ya mwaka kuingia, na kumtafuta mgeni wa kula naye. Watu wa Makunduchi hawakutosheka kuhesabu watu wao. Walimhesabu hata mpita njia.

Hilo ndilo ambalo kesha la ziwani lilikumbushwa kwa gharama kubwa mno. Nasi twaweza kujiuliza: zile Idi zetu mbili, ambapo baada ya sala tunapeana mikono na kuombana radhi, mikono hiyo hufika wapi? Humaliza saff ya msikitini ikakoma? Au humfikia na yule mpangaji wa chumba cha nyuma, Mluo au Mluhya, ambaye tuligombana naye mwezi wa Rajabu juu ya maji ya bomba?

Simwambii Mwislamu akakeshe kanisani, wala Mkristo akazungushe ng'ombe. Kila mtu na dini yake, na mwiko wa jirani huheshimiwa. Ninachosema ni kwamba haki ya jirani haiulizi jirani anasali wapi. Wahenga walisema, jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Usiku ule wa mwaka 2007, waliosalimika bila kuporwa wala kuchomewa, wengi walisalimishwa na jirani aliyewafungulia mlango.

Wiki ya kwanza ya Januari ikipita, mabasi yatarudi tena Mombasa. Yule jirani yako atashuka na gunia la mahindi na mfuko wa omena unaonuka njia nzima, macho mekundu kwa usingizi wa safari. Pengine atakupitishia kibaba cha omena mlangoni. Pengine atakulipa na zile shilingi alizokopa Desemba, ambazo wewe ulikwisha zisahau. Usimcheke ukadhani ni mambo ya bara. Mkaribishe, mpe kahawa, umuulize kesha lilikuwaje. Na kama una neno lake moyoni tangu mwaka uliopita, hiyo ndiyo saa ya kulitoa.